Asilimia ya Nini? Hesabu Ndogo Inayofaa Kuwa Somo la Kwanza la Programu

Programu fupi ya kukokotoa asilimia humlazimisha mwanafunzi kujibu maswali ambayo hata taasisi kubwa zimewahi kuyajibu vibaya. Shule zinazoanza kufundisha kompyuta ziipe nafasi ya mbele.

Jumanne, Agosti 16, 2022, siku moja baada ya mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, Wafula Chebukati, kumtangaza William Ruto mshindi wa urais wa Kenya, makamishna wanne wa tume hiyo hiyo walikutana na wanahabari jijini Nairobi kueleza kwa nini walikuwa wameyakana matokeo. Mojawapo ya sababu zao ilikuwa ya hesabu. Naibu mwenyekiti Juliana Cherera na wenzake walisema kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000. Katika uchaguzi ambao tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211, kauli hiyo ilikuwa nzito.

Mnamo Septemba 5, 2022, Mahakama ya Juu iliidhinisha ushindi wa Ruto, na sababu nyingine za makamishna hao hazihusu makala haya. Kinachohusu ni ile hesabu, kwa kuwa yeyote anaweza kuirudia. Tume ilitangaza kura 7,176,141 za Ruto, 6,942,930 za Raila Odinga, 61,969 za George Wajackoyah na 31,987 za David Mwaure. Jumla ni 14,213,027. Asilimia zilizotangazwa, kwa desimali mbili, ni 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, na kweli zinajumlika kuwa 100.01. Lakini ukiziandika kwa desimali tatu unapata 50.490, 48.849, 0.436 na 0.225, na jumla yake ni 100 kamili. Hakuna kura iliyozidi. Ilivyotokea ni kwamba zilipokadiriwa kwa desimali mbili, asilimia zote nne zilipanda kidogo, hakuna iliyoshuka, na vile vipande vinne vidogo vikakusanyika kuwa 0.01.

Zaidi ya hayo, asilimia 0.01 ya kura 14,213,027 ni kura 1,421. Kura 142,130 ni asilimia 1 nzima. Namba iliyotajwa mbele ya taifa ilikuwa imekuzwa mara mia, na kosa la aina hiyo hutokea mtu anapozidisha kwa 0.01 huku akisahau kwamba asilimia 0.01 ni 0.0001. Ni kosa ambalo wanaojifunza kuandika programu hulifanya mapema sana, tena mara nyingi. Tofauti ni kwamba darasani hugunduliwa papo hapo, kwa sababu jibu la ajabu huonekana kwenye skrini.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Programu fupi ya kukokotoa asilimia, ambayo walimu wengi huipitia haraka kama zoezi la kujipasha moto, inastahili kuwa somo la kwanza la maana katika elimu ya kompyuta. Ndani yake mna maamuzi manne ambayo hesabu ya daftarini huyaficha: asilimia ni ya nini, kompyuta inagawanya namba za aina gani, tarakimu zinakatwa wapi, na jibu linasomwa kwa kipimo gani. Anayejifunza kuyafanya maamuzi hayo kwa kujua anapata zana ya kukagua hati ya mshahara, masharti ya mkopo na matokeo ya uchaguzi.

Somo limepata mlango

Suala hili limekuwa la sera. Aprili 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Mjadala wa kama watoto wafundishwe kuandika programu umebadilika, na sasa linaloulizwa ni nini kitangulie. Wapo wanaotaka michezo na michoro, kwa mfano kupitia Scratch, lugha iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Wapo wanaotaka misingi ya Hisabati ikamilike kwanza kwa kalamu na karatasi. Wengine wanauliza kwa nini kuhangaika kabisa, wakati lahajedwali na akili unde hutoa jibu kwa sekunde moja.

Kabla ya kuwajibu ni haki kuiangalia programu yenyewe. Kiini chake ni mstari mmoja:

asilimia = sehemu * 100 / jumla

Mistari mingine miwili au mitatu hupokea namba na kuonyesha jibu. Mwanafunzi wa darasa la sita anaijua kanuni hiyo. Ugumu unaanza pale anapotakiwa kuiambia mashine, isiyokisia wala kusamehe, maana kamili ya kila neno lililomo.

> Kura zilibaki zile zile, mgombea yule yule. Kilichobadilika ni namba ya chini.

Namba ya chini

Uamuzi wa kwanza ni kuamua "jumla" ni ipi. Katika uchaguzi wa Kenya wa Machi 2013, Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Tume iligawa kwa kura zote, zikiwemo zilizoharibika, na ikapata asilimia 50.07, yaani takriban kura 8,400 juu ya nusu. Swali la kama kura zilizoharibika zihesabiwe lilifika Mahakama ya Juu, ambayo Machi 30, 2013 iliamua kwamba hazihesabiwi. Kwa kura halali pekee, asilimia ikawa 50.51. Majaji walikuwa wakiamua ni namba gani iandikwe chini ya mstari wa sehemu, namba ambayo walimu wa Hisabati huiita asili.

Madukani swali ni lile lile. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, Tanzania Bara ni asilimia 18. Bidhaa inauzwa shilingi 118,000, kodi ikiwa ndani. Kodi ni kiasi gani? Anayeandika 118000 * 18 / 100 anapata shilingi 21,240, na amekosea, kwa kuwa asilimia 18 hutozwa kwenye bei kabla ya kodi. Hesabu sahihi ni 118000 * 18 / 118, ambayo ni shilingi 18,000. Tofauti ya shilingi 3,240 kwa risiti moja itakuwa hasara ya kweli kwa mfanyabiashara atakayelirudia kosa hilo mwaka mzima. Mwanafunzi aliyezoea kukipa kila kigeu jina lake, akaandika "bei_kabla_ya_kodi" badala ya "bei" tu, ana nafasi ndogo ya kuanguka katika shimo hilo, kwa sababu jina lenyewe linamuuliza swali.

Kuna pia tofauti kati ya asilimia na pointi za asilimia. Aprili 2020, kutokana na janga la korona, Kenya ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kabla ya kuirejesha Januari 2021. Punguzo hilo lilikuwa la pointi mbili za asilimia. Kodi yenyewe, hata hivyo, ilipungua kwa asilimia 12.5, maana 2 ni moja ya nane ya 16. Kauli zote mbili ni za kweli, na zikichanganywa huzaa vichwa vya habari vinavyopotosha.

Muda nao ni sehemu ya namba ya chini. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza Kenya Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa shilingi 1,000 hurejesha 1,075, na huenda asione ubaya wowote. Akikopa kila mwezi kwa mwaka mzima, ada inafika asilimia 90 ya kiasi alichokuwa akikitumia. Kitanzi cha marudio kumi na mbili, kitu ambacho mwanafunzi hukijifunza katika wiki za mwanzo, kinaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko hotuba ndefu kuhusu madeni.

Kompyuta inapogawanya

Uamuzi wa pili unahusu aina ya namba. Mwanafunzi amepata alama 45 kati ya 60. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie miaka ya mwanzo ya 1970, na katika Java, iliyotolewa mwaka 1995, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, na desimali hutupwa. Kwa hiyo 45 / 60 ni 0, na 0 ukiizidisha kwa 100 inabaki 0. Aliyefaulu kwa asilimia 75 anasomeka kuwa amepata sufuri. Badilisha mpangilio, andika 45 * 100 / 60, na jibu linakuwa 75. Kwenye daftari kanuni hizo mbili ni kitu kimoja. Kwenye mashine zinatofautiana kabisa, na huo ni ufunuo mkubwa kwa mtoto aliyeambiwa siku zote kwamba mpangilio wa kuzidisha na kugawanya hauna athari.

Waundaji wa lugha wenyewe walibishana kuhusu jambo hili. Python, lugha ambayo wanaoanza wengi duniani hufundishwa leo, mwanzoni ilifuata desturi ya C. Mwaka 2001, Moshe Zadka na muundaji wa Python, Guido van Rossum, walipendekeza kwamba alama ya kawaida ya kugawanya itoe jibu lenye desimali, na alama nyingine, mikwaju miwili, itumike kwa anayetaka namba kamili. Mabadiliko hayo yakawa kanuni ya kawaida katika Python 3, iliyotolewa Desemba 2008, ingawa yalivunja programu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi. Kama wataalamu walikubali gharama hiyo kwa ajili ya alama moja ya kugawanya, mwalimu hana sababu ya kuipita haraka.

Kuzidisha kwanza nako kuna mpaka wake. Namba kamili ya kawaida katika Java haizidi 2,147,483,647. Atakayekokotoa asilimia 18 ya shilingi 150,000,000 kwa kuzidisha kwanza atafika 2,700,000,000, atavuka mpaka huo, na mashine itamrudishia kodi hasi ya shilingi 15,949,672 bila onyo lolote. Hata alama ya % ina mtego: katika C, Java na Python hutoa baki ya kugawanya, hivyo 45 % 60 ni 45. Na katika Python, kile mtumiaji anachokichapa huingia kama maandishi. Usipokigeuza kuwa namba, "45" ukiizidisha kwa 100 hutoa 45 iliyoandikwa mara mia mfululizo. Kila mojawapo ya makosa haya humwambia mwanafunzi jambo la kweli kuhusu mashine inayomzunguka benki, hospitalini na ofisi ya kodi.

Tarakimu zinapokatwa

Uamuzi wa tatu, wa kukadiria, ndio uliozaa ile 100.01, na Kenya haikuwa ya kwanza. Aprili 5, 1992, jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilichagua bunge lake. Sheria ilitaka chama kipate angalau asilimia 5 ndipo kiingie bungeni. Jioni hiyo chama cha Kijani kilionekana kimepata 5.0. Baadaye usiku ikagundulika kwamba kilikuwa na 4.97. Programu ya kuchapisha matokeo ilikuwa ikionyesha desimali moja, na 4.97 ikapandishwa hadi 5.0. Baada ya marekebisho, Kijani walibaki nje, na chama cha Social Democrats kikapata viti 45 kati ya 89, wingi wa kiti kimoja. Fundisho lake linaingia katika sentensi moja: kadiria unapoonyesha jibu, usikadirie unapoamua.

Kukata tarakimu kila hatua kuna madhara yake pia. Soko la Hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha faharisi mpya Januari 1982 ikiwa na pointi 1,000. Kila mauzo yalipofanyika faharisi ilikokotolewa upya, na tarakimu zilizozidi desimali tatu zikatupwa badala ya kukadiriwa. Kufikia Novemba 1983 ilikuwa imeshuka hadi zaidi kidogo ya 520, wakati thamani yake halisi ilikuwa karibu 1,100. Hakuna hatua moja iliyoonekana kuwa na kosa. Kosa lilijikusanya kwa mamia ya maelfu ya hatua, kila moja ikipoteza kisichozidi elfu moja ya pointi.

Kompyuta za leo huongeza ugumu mmoja. Huhifadhi desimali kwa namba za msingi wa mbili, kwa kiwango kilichowekwa mwaka 1985, na sehemu kama 0.1 au 0.29 haziwezi kuandikwa humo kikamilifu. Katika Python, 0.29 * 100 hutoa 28.999999999999996. Atakayelikata jibu hilo liwe namba kamili atapata 28. Ndiyo sababu wanaoandika mifumo ya fedha hupenda kuhesabu kwa senti nzima, au kutumia aina maalumu ya namba iliyoundwa kwa desimali. Mfanyakazi wa Kenya anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba ana haki ya kutarajia kwamba aliyeandika programu ya mishahara aliwahi kufundishwa haya.

> Kadiria unapoonyesha jibu. Usikadirie unapoamua.

Hoja za wanaopinga

Wanaosema lahajedwali na akili unde zinatosha wana hoja moja ya kweli: zinazidisha na kugawanya bila kuchoka. Lakini tatizo la Agosti 2022 halikuwa la kuzidisha. Ukiizidisha 14,213,027 kwa 0.01 unapata 142,130, na kikokotoo chochote kitakubali. Kosa lilikuwa katika uamuzi wa nne, wa kipimo, yaani maana ya 0.01, na hapo chombo hakimsaidii asiyejua anachouliza. Excel yenyewe, kisanduku chenye 0.01 kikiwekwa katika muundo wa asilimia, huonyesha 1%. Anayejua kipimo anaelewa mara moja. Asiyejua atachukua namba yoyote kati ya hizo mbili na kuitangaza. Kadiri zana zinavyozidi kujibu haraka, ndivyo anayeuliza anavyohitaji kujua zaidi namna ya kulipima jibu.

Wanaotaka kalamu na karatasi zitangulie wana hoja nzito zaidi, na sehemu yake inapaswa kukubaliwa. Mwanafunzi asiyeweza kukisia kichwani kwamba asilimia 1 ya milioni 14 ni kama laki moja na arobaini elfu hatashtuka programu yake ikisema vingine. Kukisia kabla ya kuiendesha programu kuwe kanuni ya darasa. Hata hivyo karatasi hushughulikia mfano mmoja, na programu inadai sheria itakayofaa mifano yote, ukiwemo ule ambao hakuna aliyeufikiria. Ikiwa kituo hakikupata kura hata moja, "jumla" ni 0, na kugawanya kwa sufuri hakuna jibu. Kwenye daftari swali hilo halijitokezi kamwe. Kwenye programu litaisimamisha kazi yote mpaka mwanafunzi aamue la kufanya. Masomo haya mawili yanahitajiana, na hakuna haja ya kulisubirisha moja kwa miaka.

Upande wa tatu unahofia kwamba asilimia zitawachosha watoto, na kwamba mchezo au mchoro huwasha hamu haraka zaidi. Hamu ni muhimu, na mwalimu anayeipuuza atabaki na darasa lililonyamaza. Lakini hamu huzaliwa pia na maana. Mwanafunzi wa sekondari anayeweza kuonyesha nyumbani ni kiasi gani cha bei ya mafuta ni kodi, au timu yake imepata asilimia ngapi ya pointi ilizoweza kupata kwenye ligi, ameona faida ya kazi yake siku ile ile. Na michezo yenyewe imejaa asilimia, kuanzia uhai wa mchezaji hadi alama za mwisho, kwa hiyo hata anayeanza na michezo atakutana na mstari ule ule.

Hoja ya mwisho ni ya vifaa. Shule nyingi za vijijini hazina umeme wa uhakika, sembuse chumba cha kompyuta. Hapa programu fupi ina faida kuliko nyingine zote. Inaandikika ubaoni. Wanafunzi wanaweza kuifuata mstari kwa mstari kwa jedwali la vigeu, wakiandika thamani ya kila kigeu inavyobadilika, kisha wakaihakiki kwa simu moja ya mwalimu. Mchezo wenye picha hauwezi kufundishwa hivyo.

Nini kifanyike

Yanayotakiwa hayahitaji bajeti mpya. Watunga mitaala waupe mstari huu wiki nzima badala ya dakika kumi, na watunga mitihani wabadilishe wanachokipima. Badala ya kuuliza jibu ni ngapi, swali lidai mambo manne kwa maandishi: jumla ni ya nini, na kwa nini hiyo; jibu linakisiwa kuwa ngapi kabla ya kuiendesha programu; limeonyeshwa kwa desimali ngapi, na je, uamuzi wowote umefanywa kwa namba iliyokadiriwa; na programu inafanya nini jumla ikiwa sufuri, sehemu ikiwa sawa na jumla, na sehemu ikiizidi jumla. Mwalimu ajaribu pia kuwapa wanafunzi matokeo halisi ya uchaguzi au risiti halisi wazikague, kwa sababu namba zenye uzito hufundisha umakini ambao mfano wa maembe hauwezi kuufundisha.

Wengi wa wanafunzi hao hawatakuwa wataalamu wa kompyuta. Watakuwa wahasibu wa vyama vya ushirika, wauguzi wanaopima dozi, mawakala wa vyama vituoni, waandishi wa habari, makamishna na wapiga kura. Kila mmoja wao siku moja atawekewa mbele asilimia na kutakiwa kuiamini. Shule iliyomzoesha kuuliza "asilimia ya nini, imekokotolewa vipi, imekadiriwa wapi" itakuwa imempa uwezo wa kukubali namba kwa sababu ameikagua, na wa kuikataa kwa sababu anayoweza kuithibitisha.